UZI: Bonde la Carmanah na Walbran, kisiwa cha Vancouver, Kanada. Nusu iliokolewa na njia ya mbao, nusu bado iko nje ya mpaka

Kangaga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi wa nne, na wengine mmenikumbusha mpaka nimeona haya. Leo mvua imenifungia ndani, acha niumwage wote. Ni mrefu. Anayetaka habari za barabara tu ashuke chini, nitaziandika huko.

Niko mjini Victoria, kisiwa hikihiki, mwaka wa nane sasa. Mara ya kwanza kuingia Walbran nilialikwa na jirani, nikadhani tunakwenda kutembea. Tulipofika darajani akafungua buti la gari, akanipa ubao wa mwerezi wenye urefu kama wangu, akaniambia beba. Nikauweka begani, yeye akachukua wake na mfuko wa misumari, tukaingia msituni. Tulipofika penye kazi alipiga magoti akang'oa ubao uliooza. Chini yake hapakuwa na udongo niliouzoea. Palikuwa na kitu cheusi, laini kama sifongo, na ndani yake vijizizi vyembamba kama uzi wa kushonea, vimesukana hata huoni kimoja kinaanzia wapi.

Kisha akanionyesha pembeni, hatua moja tu kutoka njiani, mahali ambapo wageni walikuwa wakiukwepa ule ubao mbovu. Pamekanyagwa pakawa pagumu kama sakafu. Hakuna kangaga, hakuna kuvumwani, na mzizi wa mti mkubwa umechunika gome ukabaki mweupe. Aliniambia ubao hauwekwi ili viatu vyangu visichafuke, unawekwa ili mizizi ipumue. Toka mwaka ule sijakosa kiangazi hata kimoja.

Sasa mahali penyewe. Mito miwili, Carmanah na Walbran, inateremka karibu sambamba kutoka milimani hadi bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi wa kisiwa cha Vancouver, jimbo la British Columbia. Upepo wa bahari unapiga milima ukiwa umebeba maji, na pwani hii hupata mvua inayopita milimita 3,000 kwa mwaka. Baridi si kali, joto si kali, moto ni wa nadra. Ndiyo maana mti ukishaota unaweza kukaa miaka mia nane bila kusumbuliwa. Mierezi mingine imepita miaka elfu moja.

Kwenye tambarare za kando ya mto Carmanah ndiko iliko misprusi ya Sitka, miti mirefu ya jamii ya msonobari. Ukiukaribia, gome lake lina magamba madogo ya kijivu yenye wekundu wa zambarau, kama samaki anayeparwa. Ukilisugua kidogo gamba linabaki mkononi (msilisugue, mimi nilikosea). Mrefu kuliko yote, unaoitwa Carmanah Giant, una urefu wa karibu mita 96, na ndio msprusi wa Sitka mrefu kuliko yote inayojulikana Kanada.

Mnyama utakayemwona kwa hakika ni koa wa njano mwenye madoa, mrefu kama kiganja, anavuka ubao kwa wakati wake. Mwache apite.

Nikinywa chai narudi na historia.

---

Kangaga

Naendelea.

Mwaka 1988 Randy Stoltmann, kijana aliyekuwa na mazoea ya kutafuta na kupima miti mikubwa ya jimbo hili, aliingia Carmanah na mwenzake. Walikuta misprusi ile, na wakakuta pia kwamba barabara ya magogo inasogea. Bonde lilikuwa ndani ya leseni ya kampuni kubwa ya mbao, MacMillan Bloedel, na watu wa kawaida hawakuwa na habari nalo kabisa.

Hapa ndipo ninapotaka msome taratibu. Shirika la Western Canada Wilderness Committee halikuanza na mabango. Lilianza na njia. Watu wa kujitolea waliingia na misumeno, wakachana mierezi iliyokwisha kuanguka, wakatandika mbao, wakajenga ngazi, ili mtu yeyote wa mjini mwenye buti aweze kwenda kuona kwa macho yake. Mwaka 1989 wakapeleka wachoraji bondeni, na kazi zao zikatoka kitabu. Juu ya misprusi wakajenga jukwaa la utafiti, na Neville Winchester wa Chuo Kikuu cha Victoria akaanza kukusanya wadudu wanaoishi kwenye matandiko ya kuvumwani huko juu matawini. Baadhi ya spishi alizoshuka nazo hazikuwahi kuandikwa na mwanasayansi yeyote.

Mwaka 1990, upande wa Walbran, lilipatikana kiota cha mureleti, ndege mdogo wa baharini mwenye mabaka. Kilikuwa kiota cha kwanza chenye uhai kuthibitishwa Kanada. Huyu ndege anavua samaki baharini lakini hajengi kiota. Anataga yai moja tu juu ya tawi pana lililofunikwa na kuvumwani nene, kisha anarukaruka kati ya bahari na msitu kumlisha kinda. Tawi pana namna ile halipatikani kwenye mti wa miaka sitini. Kwa hiyo anayekata mti wa kale anaondoa na chumba cha uzazi cha ndege wa baharini.

Serikali ya jimbo ilitangaza hifadhi mwaka 1990, lakini ya nusu ya chini tu ya Carmanah. Nusu ya juu ikabaki wazi kwa msumeno. Ilichukua hadi 1995 kuongeza Carmanah ya juu na Walbran ya chini, ndipo ikawa Carmanah Walbran Provincial Park, hekta 16,365. Stoltmann hakuiona. Alifariki 1994 kwenye maporomoko ya theluji akiwa kwenye safari ya milimani, na lile kundi la misprusi ambalo wageni wengi hufika linaitwa kwa jina lake.

Na Walbran ya katikati? Ilibaki nje. Fungueni ramani muone: mpaka umeingia ndani ya hifadhi kama mkate uliong'atwa. Ndani ya ule mng'ato mna mierezi mikubwa kupita kiasi, ukiwemo ule wa Castle Giant wenye kipenyo cha karibu mita tano. Ubao wangu wa kwanza niliubeba humo, nje ya mpaka.

---

Mtembezi

Mkuu Kangaga, uzi mtamu. Mimi ni mtu wa barabara. Gari dogo linafika? Na ule mrefu wa mita 96 unaonekana?

---

Kangaga

Mtembezi, nianze na la pili. Kwa sasa huufikii. Njia ya kuelekea Carmanah Giant ilifungwa kwa sababu za usalama, na naomba usiwe yule anayeruka kizuizi. Miti ya Stoltmann Grove inakutosha, na ile mitatu ya Three Sisters imesimama pamoja, ukiwa chini yake shingo itakuuma. Kabla ya kutoka soma tangazo la BC Parks, idara ya hifadhi za jimbo, kuhusu njia zipi ziko wazi, maana madaraja na mbao vinaharibika kila msimu wa mvua.

Barabara: kutoka Victoria hesabu saa tatu hadi nne, na sehemu kubwa ya mwisho ni changarawe ya barabara za magogo. Unaweza kupitia Lake Cowichan na ziwa Nitinat, au Port Alberni. Kwenda Walbran wengine hupitia Port Renfrew. Gari la chini linafika likiendeshwa kwa adabu, ila mashimo ni makali. Mimi kiangazi cha pili nilipasua tairi mbili siku moja nikiwa na spea moja. Tulilala hapohapo, asubuhi dereva wa lori la magogo akatuchukua hadi kwenye lami. Simu haishiki popote kule. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote narudi lini, na lile ndilo kosa kubwa kuliko tairi.

Kwa hiyo: mafuta tangi zima, spea nzima yenye upepo, ramani ya karatasi, na mtu mjini anayejua siku yako ya kurudi. Washa taa za mbele hata mchana. Lori la magogo likija, wewe ndiye wa kupisha, kwa sababu lenyewe haliwezi kusimama ghafla. Siku za kazi yanapita sana, wikendi kuna nafuu.

Dubu wapo, puma wapo. Chakula hakilali hemani, hata dawa ya meno. Na upepo mkubwa ukianza, toka kwenye miti. Ardhi ikishalowa sana mti wa tani nyingi unalala bila kuaga, na tawi lake peke yake linaua.

---

Fundi Mbao

Kangaga, nakuheshimu ila niseme upande wangu. Nafanya kazi kiwanda cha kupasua mbao hapa kisiwani. Kila mkisaini karatasi ya kusimamisha ukataji, kuna mtu anakosa zamu. Nimeona wenzangu wakihama na familia. Pia watu wa msumeno si maadui. Dennis Cronin alikuwa mtu wa kazi hiyohiyo, akipima kitalu cha kukatwa karibu na Port Renfrew mwaka 2011. Akakutana na mti mkubwa wa aina ya Douglas fir, akaufunga utepe wa kijani wa kusema uachwe. Mpaka leo umesimama, mita 66, unaitwa Big Lonely Doug, na watalii wanakwenda kuutazama. Hilo nalo liandikwe.

---

Kangaga

Fundi, asante kwa kuliandika, na umefanya vizuri kumtaja Cronin. Alichofanya kilihitaji moyo, kwa sababu hakuna aliyemtuma.

Lakini twende mimi nawe tukasimame chini ya ule mti. Nimefika. Umesimama peke yake katikati ya kitalu kilichokatwa kipara, visiki pande zote. Jina lake lenyewe linasema upweke. Mti ule ulikulia ndani ya kundi, wenzake wakiukinga na upepo, sasa unapigwa na kila dhoruba peke yake. Chini yake hakuna kivuli, kwa hiyo hakuna unyevu, kwa hiyo kile kisifongo cheusi nilichokionyesha mwanzo kimekauka. Mti umepona, msitu haupo.

Na hilo ndilo tatizo la ule mng'ato wa Walbran pia. Ukikata hadi kwenye mstari wa hifadhi, upepo unaingia kwa ubavu na kuangusha miti iliyo ndani ya mstari. Ukikata mteremko wa juu, matope yanashuka mtoni na kufunika changarawe ambako samaki wanataga. Samaki hao si wa mto peke yake. Tom Reimchen na wenzake wameonyesha kwenye mito ya pwani hii kwamba dubu wanabeba samoni hadi msituni, wanakula sehemu, mabaki yanaoza, na naitrojeni iliyotoka baharini inakutwa ndani ya mbao za miti. Bonde ni kitu kimoja kuanzia mgongo wa mlima hadi mdomoni pa mto. Wapima ardhi walilikata vipande mezani, maji hayakusoma ule mchoro.

Kuhusu zamu, sina majibu mepesi na sitakupa ya uongo. Ninachojua ni kwamba miti ya kale ya mabondeni ikiisha, kiwanda kilichojengwa kuipasua kitafungwa pia, na siku hiyo hakutakuwa na mti wala zamu. Mimi nadai fedha za kubadilisha mitambo ipasue magogo madogo ya msitu uliopandwa, na za kuwalipa watu wakati wa kubadilisha. Kuwasaidia wafanyakazi wakati wa kubadilisha kulikuwa mle mle kwenye ripoti ya Garry Merkel na Al Gorley ya 2020 kuhusu misitu ya kale ya jimbo, yenye mapendekezo 14, na serikali iliahidi kuyatekeleza.

---

Fundi Mbao

Sawa. Hapo kwenye mitambo tunaelewana. Kiwandani kwetu gogo dogo linapita kwa hasara kwa sababu mashine ni za enzi ya magogo makubwa. Tumelisema kwenye mikutano, hakuna aliyesikiliza.

---

Binti Mvua

Samahanini kuingilia, kaka zangu. Mnazungumza kama bonde lilianza 1988 alipofika Stoltmann. Hii ni nchi ya wenyeji wake wa asili, Ditidaht, na Pacheedaht upande wa kusini. Dada yangu kaolewa Port Alberni, na mama mkwe wake ndiye aliyenifundisha kuangalia mierezi. Ukiona mwerezi wenye kovu refu, pana chini, jembamba juu kama ncha ya mkuki, huo si ugonjwa. Mtu alivuta gome hapo, pengine miaka mia mbili iliyopita, wakati maji ya mti yanapanda, akachukua kipande kimoja cha kusuka kofia au kamba, akauacha mti uendelee kuishi. Na umeendelea.

Pia mambo si rahisi kama mabango yalivyosema. Wakati waandamanaji walipofunga barabara za magogo Fairy Creek, bonde la karibu na Port Renfrew, kuanzia 2020, walikamatwa watu zaidi ya 1,000, kuliko hata maandamano ya misitu ya Clayoquot ya 1993. Lakini mwaka 2021 uongozi wa Pacheedaht uliwaomba waandamanaji waondoke, huku mzee wao Bill Jones akiwakaribisha wabaki. Familia moja, kauli mbili. Mgeni anayefika pale akajifanya anawasemea wenyeji anawakosea wote.

---

Kangaga

Binti Mvua, umenisahihisha na nimekubali. Niliandika kana kwamba kabla ya barabara hakukuwa na mtu. Kovu unalolisema nimelipita mara nyingi nikidhani ni radi.

Niongeze tu kilichofuata. Mwezi wa sita 2021 mataifa asilia matatu, Huu-ay-aht, Ditidaht na Pacheedaht, yalitoa tamko la pamoja kwamba wao ndio wa kuamua juu ya misitu yao, yakaitaka serikali isimamishe ukataji wa miti ya kale Fairy Creek na Walbran ya katikati kwa miaka miwili. Serikali ikakubali, jumla ya hekta 2,000 hivi. Novemba mwaka huo ikatangazwa mipango ya kuahirisha hekta milioni 2.6 jimbo zima, mataifa asilia yakishauriwa.

Mnione ninavyotumia neno kuahirisha. Hifadhi ina sheria. Ahirisho lina tarehe ya mwisho. Kila tarehe inapokaribia tunaanza upya barua na simu, na wenyeji wanawekwa tena kwenye kona ya kuchagua kati ya mapato na miti. Mimi naona haki ni serikali kuwalipa mapato wanayoyaacha, ili uamuzi wa kulinda usiwe uamuzi wa kufunga mikanda.

Anayepita ziwa Nitinat, kijiji cha Ditidaht kipo hapo. Salimia, uliza, na ukikuta duka limefunguliwa nunua vitu vyako pale badala ya kuvibeba kutoka mjini.

---

Mtembezi

Nimerudi juzi, wakuu. Nilikwenda wikendi na mwanangu wa miaka tisa. Tairi salama.

Naandika jambo moja tu. Tulikuta miti sita ya hemloki imejipanga mstari mmoja kama askari, na mizizi yao imesimama hewani kama miguu ya meza, mtoto anapita chini. Nikamwambia sijui kwa nini. Alikaa pale muda mrefu sana. Mbele kidogo tukakuta gogo la kale limelala, kijani kibichi, na juu ya mgongo wake vichipukizi vimejipanga mstari, vidogo kama kidole chake. Akarudi mbio kwenye ile sita, akaniita: baba, hapa palikuwa na gogo, limeisha.

Kangaga, niliona mbao mbovu kama kumi hivi upande wa Walbran, mbili zimevunjika kabisa na watu wameshaanza kuzunguka pembeni. Tulipita juu ya zile zilizobaki, mtoto hakushuka hata mara moja. Mnaenda lini kutengeneza?

---

Kangaga

Mtembezi, mwambie mtoto nimesoma mara mbili. Mimi nilielezwa na mtu, yeye kaliona mwenyewe.

Tunakwenda wikendi ya pili ya mwezi ujao, tukiwa na ruhusa na kiongozi wa kikundi. Tunaondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Ni kazi ya kubeba zaidi kuliko ya nyundo: ubao mmoja kwa mtu, kama kilomita moja na nusu, mara tatu au nne kwa siku. Zile mbili zilizovunjika ndizo za kwanza, kisha tunafunika pale pembeni kwa matawi yaliyoanguka ili watu wasione njia, na baada ya miaka michache kangaga hurudi penyewe.

---

Fundi Mbao

Mbao mnanunua za aina gani?

---

Kangaga

Mwerezi wa msitu wa pili, tunauchana wenyewe vibaya vibaya nyuma ya nyumba ya jirani.

---

Fundi Mbao

Acheni hiyo. Niandikie unene, upana na idadi. Nitawapasulia, na niwekeeni nafasi moja kwenye gari.

---

Kangaga

Unene inchi mbili, upana nane, urefu futi sita, vipande ishirini. Buti ziwe na meno, ubao ukilowa unateleza kama sabuni. Misumari ninayo.